Mbwa wetu amevunjika kiwiko, na pesa zilizopo ni za karo

Kwa kuwa jambo hili lilikuwa la haraka, jibu lilitumwa kwa mwandishi siku ile ile barua yake ilipotufikia. Tunayachapa yote mawili kwa idhini yake, baada ya kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha.

Assalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni pamoja na mama mkwe wangu. Mume wangu ni dereva huko Doha na huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Kila alfajiri napika mahamri na mbaazi za nazi na kuuza hapo mlangoni, na biashara hiyo ndiyo inayotulisha, kwa sababu pesa za mume wangu huishia kwenye nyumba tunayojenga Mtwapa.

Baada ya wezi kuruka ukuta wetu mwaka jana, shemeji yangu alituletea mtoto wa mbwa. Mama yake ni mbwa wa kienyeji, na baba, tuliambiwa, ni wa kizungu, wale wenye masikio marefu yanayoning'inia wanaoitwa spanieli. Mwanangu wa kiume, ambaye ana miaka 9, alimwita Chui kwa ajili ya madoa yake. Sasa Chui ana miezi minne. Hulala uani chini ya kibanda cha mabati, kwa maana mama mkwe wangu ni mtu wa ibada na hataki najisi ya mbwa ifike sebuleni anapotandika msala wake. Nimeliheshimu jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Jumamosi jioni mwanangu alikuwa amempakata Chui juu ya baraza. Mbwa alijipinda ghafla, akamponyoka, akaangukia saruji kwa mguu wa mbele wa kushoto. Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni na niliona kila kitu. Mtoto aliponijia alisema kwamba Chui aliruka mwenyewe, na mpaka leo amelishikilia neno hilo. Sijamwambia kwamba niliona. Tangu siku hiyo chakula hakimshuki, na usiku huamka akaenda kusimama mlangoni kusikiliza kama mbwa analia.

Jumapili tulimpeleka Chui kwa daktari wa mifugo, akampiga eksirei mbili, moja kwa upande na moja kwa mbele. Alinionyesha picha. Mfupa wa juu wa mguu, pale unapoishia kwenye kiwiko, umekatika kipande cha upande wa nje, ukubwa wake kama kokwa ya tende, na kipande hicho kimepanda juu na kuacha pengo. Anataka apasuliwe wiki hii hii, kipande kirudishwe mahali pake na kufungwa kwa skrubu na kijiwaya. Yeye mwenyewe hajafanya upasuaji mwingi wa viungo, kwa hiyo atamwita mwenzake kutoka Nairobi. Gharama yote, pamoja na nusukaputi, dawa na eksirei za baadaye, ni shilingi 70,000. Kisha mbwa afungiwe wiki sita ndani, mahali pakavu pasipoteleza.

Pesa hizo ninazo, lakini ni karo na vifaa vya binti yangu anayeingia shule ya bweni muhula ujao, wiki tatu kuanzia sasa. Zamu yangu ya chama inafika mwezi unaofuata, nayo itanipa 40,000 tu.

Jirani yangu anasema nisipoteze pesa. Mbuzi wake alivunjika mguu, mzee mmoja anayeunga mifupa akamfunga banzi za mianzi na dawa ya majani, na baada ya mwezi mbuzi alikuwa anakimbia. Mzee huyo atataka shilingi 2,000. Jirani huyo huyo amenipa vidonge anavyomeza kwa maumivu ya mgongo, nimpe Chui nusu nusu. Shemeji yangu naye anasema adungwe sindano afe, yeye ataleta mwingine, mbwa hawana mwisho. Mama mkwe wangu hakusema neno. Nilichokiona ni kwamba Jumapili jioni aliusogeza mkebe wa maji kwa ncha ya mkongojo wake mpaka karibu na pua ya Chui, kisha akaingia ndani kusali magharibi.

Mume wangu hajui lolote. Naogopa atasema ninamnunulia mbwa mguu ilhali nyumba haijapata bati. Nikizitumia pesa za karo, si nitakuwa nimemdhulumu binti yangu? Nikimwacha mbwa afe, mwanangu ataishi na jambo hilo vipi? Na nikimtia plasta tu, si atapona hata kama ni polepole? Nimechoka kuwaza peke yangu.

Mama wa Kisauni

JIBU

Waaleikumu salaam, mwanangu.

Nianze na lisiloweza kungoja. Vidonge vya jirani mrudishie. Dawa za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni na diklofenaki, zinaweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo hadi kumtoboa, na kumharibu figo, na kwa mbwa wa miezi minne kiasi cha kumdhuru ni kidogo mno. Hatari huzidi iwapo daktari tayari amempa dawa ya jamii hiyo hiyo, kwa sababu zote mbili zitapiga mahali pamoja. Chui akilia usiku, mpigie daktari umweleze, ili abadilishe au aongeze dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa.

Sehemu za barua yako zinazohusu mfupa nimemsomea daktari wa mifugo ninayemwamini, bila kutaja jina wala mtaa, na mengi nitakayosema juu ya kiwiko yametoka kwake. Umeniuliza uchague nini kati ya karo na mbwa. Lakini ndani ya barua hiyo hiyo namwona pia mtoto anayeficha jambo, mama mkwe ambaye hajaulizwa na mume ambaye hajaambiwa. Nadhani uzito unaouhisi hautoki kwenye shilingi 70,000 peke yake, na ndiyo maana nitayagusa yote, ingawa mfupa ndio utakaonichukua muda mrefu zaidi.

Mbuzi wa jirani alipona, nami sina sababu ya kumkanusha. Ila ningemwuliza jirani mbuzi alivunjika wapi. Mbuzi wengi huvunjika chini, kwenye muundi, mahali ambapo fundi anaweza kuufunga mguu kwa banzi ikapita kiungo cha juu na kiungo cha chini ya palipovunjika, na mfupa ukabaki umetulia mpaka uunge. Hata mtoto wa mbwa aliyepata ufa kwenye mifupa miwili ya chini ya mguu wa mbele, hasa mfupa mmoja ukiwa bado mzima, huweza kupona kwa plasta katika wiki chache. (Ukiwa na rafiki mwenye mbwa mdogo sana wa kupakatwa, mwambie kwamba kwao hata mvunjiko wa hapo chini, karibu na kifundo, mara nyingi hukataa kuunga kwa plasta, kwa sababu damu inayofika pale ni chache.) Chui amevunjika ndani ya kiungo chenyewe, na hilo hubadilisha kila kitu.

Kiwiko cha mbwa kimefanywa na mifupa mitatu inayopangana kwa karibu sana, na mahali inapokutana imefunikwa na gegedu laini. Kipande kilichokatika ni sehemu ya ule uso laini. Kikiungana hali kimepanda juu, hata kwa kimo cha milimita chache, mfupa wa chini utakuwa unapita juu ya kizingiti kila mbwa anapokunja mguu, gegedu litalika, na kiungo kitakuwa kigumu chenye maumivu maisha yake yote. Pengine hakitaungana kamwe, kwa sababu misuli hukivuta na uzito wa mwili hukisukuma kila anapokanyaga. Banzi haiwezi kukizuia. Kuufunga mguu kwa namna ya kushika kiwiko chote ni lazima uzunguke mpaka begani na kifuani, na banzi inayoishia chini ya kiwiko humwongezea mbwa uzito unaoning'inia papo hapo palipovunjika. Kwa hiyo ukiniuliza kama plasta itamponya polepole, naona kwa mvunjiko huu plasta ni njia nyingine yenye mwisho mwingine. Huenda Chui akatembea. Huenda akachechemea kidogo tu. Lakini ukiichagua, ichague ukijua kwamba unachagua mguu mbovu kwa gharama nafuu, na umwulize daktari mapema atamsaidia vipi na maumivu miaka inayokuja.

Upasuaji nao usiuone kama bidhaa ya dukani ambayo ukishalipa unaibeba nzima. Kwa mvunjiko wa aina hii, kipande kimoja cha nje kwa mbwa mchanga, matumaini ni mazuri: kipande kikirudi mahali pake sawasawa, wengi hurudi kuutumia mguu vizuri. Skrubu hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili wa ncha ya mfupa na kuvibana vipande viwili pamoja, na kijiwaya huzuia kipande kisizunguke. Kama unahofia kwamba chuma kitauzuia mguu kukua, ni swali la haki, na daktari aliniambia kwamba skrubu hukaa chini ya mstari ambapo mfupa hukulia, bila kuukata, na waya laini unaoupita hauubani. Hata hivyo kidonda kinaweza kupata maambukizi, skrubu inaweza kulegea iwapo mbwa ataruka kabla ya wakati wake, na hata kazi iliyofanywa vizuri huacha kiungo ambacho uzeeni kinaweza kukakamaa. Nusukaputi ina hatari zake pia. Alianguka kutoka barazani, hakugongwa na gari, kwa hiyo hofu ya kifua kuumia ni ndogo, lakini kifua kisikilizwe vizuri kwanza. Na Pwani yetu hii ina kupe. Baadhi yao huwaambukiza mbwa ugonjwa unaopunguza chembe zinazogandisha damu, na mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuonekana mchangamfu kabisa, kisha akavuja damu kupita kiasi mezani. Uliza kama kipimo cha damu kimo katika zile 70,000.

Uliza pia kama watampiga eksirei kiwiko cha pili akiwa amelala. Jamii ya spanieli ina udhaifu unaojulikana mahali hapa hapa: vipande viwili vya ncha ya mfupa, ambavyo kwa kawaida huungana mbwa akiwa na wiki 8 hadi 12, kwa baadhi yao haviungani kikamilifu. Kama Chui amerithi hilo kwa baba yake, ni vyema ulijue kabla hajapasuliwa.

Daktari wako amekwambia mwenyewe kwamba viungo si uzoefu wake na kwamba atamwita mwenye uzoefu. Hilo limenipa imani naye kuliko cheti chochote ukutani. Ukitaka maoni ya pili, picha zile mbili zinaweza kutumwa kwa simu, bila mbwa kusafirishwa, kwa daktari mwingine aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, au kwa kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Ila fanya hivyo leo au kesho. Sababu ya daktari kusema wiki hii ni kwamba kipande kilichopanda huanza kushikwa na nyama mpya, misuli hufupika, na kila siku inayopita kukirudisha mahali pake huwa kugumu zaidi. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tukiwa njia panda hukaa kimya tukingoja jambo lijiamue lenyewe, na hapa kimya kitakuchagulia mguu mbovu kabla hujajua kwamba umechagua.

Sasa mwanao. Umeandika kana kwamba hatia yake ni deni ambalo uhai wa mbwa pekee ndio unaoweza kulilipa. Je, ni kweli? Mbwa wa miezi minne anapoanguka, mshindo hupanda kupitia mfupa wa chini unaobeba sehemu kubwa ya uzito, nao umeelekea moja kwa moja kwenye kile kipande cha nje, ambacho kimeshikiliwa na ukingo mwembamba na hakijakomaa. Huu ni miongoni mwa mivunjiko inayojulikana zaidi kwa watoto wa mbwa, na visa vyake vingi huanza hivi hivi: mbwa kuruka kutoka kochini, mbwa kumponyoka mtoto mikononi. Angeruka mwenyewe kutoka juu ya baraza, angeweza kuvunjika vile vile. Kwa maneno mengine, kisa alichokitunga mwanao na kisa cha kweli vinafikia mfupa ule ule. Mweleze hivyo. Mwambie uliona, na uliona pia kwamba alikuwa amempakata kwa mapenzi. Nahofia kwamba ukimnyamazia kisha ukalipa, atajifunza kwamba mama alitoa karo ya dada yake kwa ajili ya siri yake, na ukimnyamazia na mbwa akafa, atajifunza jambo zito zaidi. Maneno hayo mawili matatu unayaweza leo, hata kabla hujaamua la upasuaji.

Na maadamu Chui ana maumivu, mtoto asimkumbatie wala asimguse mguu ule. Mbwa mpole huuma akiumia. Kama hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akifika miezi mitatu, mwulize daktari lini anaweza kuchanjwa.

Kuhusu mama mkwe wako, barua yako imeniambia mambo mawili yasiyolingana. Umemwandika kama mlango uliofungwa, kisha ukaniandikia juu ya mkebe wa maji. Mtu anayemsogezea mbwa maji kwa ncha ya mkongojo amepata njia ya kumhurumia bila kuivunja tahadhari yake, na nadhani anazijua nyingine. Kisa cha yule mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mola akamghufiria, bila shaka amekisikia tangu utotoni, kwa hiyo usiende kumsomea kama hoja. Nenda umwulize. Tahadhari yake si ushupavu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa Pwani tunayafuata, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mtu wa ibada ana haki ya kujua mate na mkojo vitaishia wapi kwa wiki sita. Lakini ile "ndani" ya daktari maana yake ni pakavu, padogo, penye hewa na pasipoteleza. Haikuwa lazima iwe karibu na sebule. Kama mna stoo yenye mlango wa uani, kizimba chenye mkeka wa mpira chini, sahani yake na nguo zake peke yake, huenda yeye mwenyewe akakuonyesha pa kukiweka. Na shemeji yako, aliye tayari kuleta mbwa mwingine, pengine yuko tayari kumhifadhi huyu kwa muda. Mwulize mbele ya mama yake.

Wiki hizo sita zifikirie kwa makini kuliko hata bei. Ni kutolewa kwenda haja kwa kamba fupi, asubuhi, mchana na usiku, bila kukimbia, bila ngazi, bila kucheza na watoto. Ni kuangalia kidonda kila siku mpaka nyuzi zitolewe karibu na siku ya 10 hadi ya 14, na kumvika kola ili asijilambe. Ni mazoezi ya kukunja na kukunjua kiungo pale daktari atakapoelekeza, kwa sababu kiwiko kilichotulizwa mno nacho hukakamaa. Wewe uko mbele ya karai la mafuta tangu alfajiri. Nani atamtoa Chui saa hiyo? Mtoto wa miaka 9 anaweza kusaidia, lakini kumkabidhi yote kama malipo ya kosa hakutamfaa yeye wala mbwa. Skrubu ya daktari hodari ikilegea kwa sababu mbwa aliachwa aruke wiki ya pili, pesa ya karo itakuwa imekwenda na mguu nao umekwenda. Kama jibu la kweli ni kwamba hakuna wa kumtunza, hilo nalo ni jibu, na hakuna aibu kulitaja kabla ya kulipa.

Kuna njia ambayo hukuitaja, na najua kuisikia kwake ni kugumu: kuukata mguu. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, hivyo kuukosa mmoja si jambo dogo, lakini mbwa mchanga asiye mnene huzoea kukimbia kwa mitatu haraka kuliko tunavyodhani, na anaweza kubweka na kulinda ua kama kawaida. Mara nyingi gharama yake huwa chini, uangalizi wake ni mfupi, na maumivu ya kiungo huisha kabisa. Hasara ni kwamba haikubali kurudi nyuma, na miguu iliyobaki itabeba mzigo wote miaka yote. Familia nyingi huiweka kama njia ya mwisho iwapo upasuaji wa kwanza utashindwa. Mwulize daktari bei yake, hata kama ni kwa kujua tu.

Na sindano ya shemeji. Amelisema jambo hilo kwa wepesi, na nadhani wepesi huo ndio uliokuumiza. Kumlaza mnyama ambaye hakuna awezaye kumtibu wala kumtunza si ukatili. Kumwacha uani na kiungo kilichotoka mahali pake, bila dawa, mpaka azoee kuteseka, kunanitisha zaidi. Ila Chui ana ugonjwa unaotibika, kwa hiyo ukifika huko, ufike baada ya kuuliza yote mengine, na mwanao aambiwe ukweli, asiambiwe kwamba mbwa ametoroka.

Nimebakiza karo, kwa makusudi. Unasema kutumia pesa hizo ni kumdhulumu binti yako, na mama anayesema hivyo simbishii upesi. Naomba tu uliangalie neno hilo kwa hesabu. Je, shule inataka yote siku ya kwanza, au inakubali sehemu na iliyobaki katikati ya muhula? Mhasibu wa shule ameulizwa? Daktari anakubali kupokea nusu sasa na nusu kwa awamu? Mwenzako wa chama, yule ambaye zamu yake ni mwezi huu, anaweza kubadilishana nawe? Hata ukipata zamu hiyo mapema, 40,000 haifiki 70,000, na pengo la 30,000 kwa mwuza mahamri ni kubwa, silidogoshi. Omba bei iandikwe kipengele kwa kipengele, kwa sababu jumla moja haikuonyeshi kinachoweza kungoja. Baada ya hesabu hiyo huenda ukakuta karo na mguu vinaweza kupishana kwa wiki kadhaa tu, au ukakuta kweli ni kimoja kati ya viwili. Ukikuta ni kimoja, na ukachagua binti yako, hutakuwa umemsaliti mnyama. Utakuwa umetunza ulichoweza kutunza. Na binti mwenyewe ni mkubwa wa kwenda bweni, kwa hiyo ni mkubwa wa kuambiwa kinachofikiriwa juu ya pesa yake, ingawa hapaswi kubebeshwa uamuzi.

Tayari umeshamjibia mume wako kwa maneno yake ya bati kabla hajafungua kinywa. Huenda ndivyo atakavyosema. Huenda pia akawa na mwenzake wa kukopa, au akakumbuka wezi waliouruka ukuta ule yeye akiwa mbali. Saa za Doha na za Mombasa ni moja, kwa hiyo baada ya isha atakuwa ametoka kazini. Mpigie usiku huu ukiwa na ile bei iliyoandikwa mkononi na zile picha mbili kwenye simu, umtumie azione, kisha asubuhi umpe daktari jibu lenu.